Kisha

Somoe Nampunda alinipa ubao wa mlango uliong'oka,
tundu la funguo bado liko palepale,
akasema: niandikie kitu kitakachowasimamisha.
Nikauliza kina nani. Akanyoosha kidevu barabarani.
Hapa Mnazi Mmoja njia inagawanyika,
wa Masasi huku, wa Mtwara kule,
na kila dereva akifika panda
anawaza njia, hawazi tumbo.

Ming'oko yake ilikuwa sinia moja, chini ya jani la mgomba,
imechemshwa tangu adhana ya kwanza,
myembamba, imejikunja, ina rangi ya udongo ilikotoka.
Pembeni chumvi na pilipili kwenye kifuniko cha kopo.
Chakula kizuri. Sura, hapana.
Aliyekua nayo huiona kwa ulimi;
aliyetoka mbali huona mizizi.

Mara ya kwanza niliandika herufi za kivuli,
nyekundu juu ya njano, kama nilivyofundishwa Nachingwea:
MING'OKO BORA, SAFI, YA UHAKIKA. KARIBUNI WATEJA WETU WOTE.
Chini, konani, jina langu na namba ya simu.
Siku mbili. Aliyesimama ni mbuzi,
akajikuna mgongo kwenye neno UHAKIKA.
Simu iliita mara moja: mtu wa Mtama
anataka kuandikiwa saluni.

Somoe akaja nyumbani na ule ubao kichwani.
"Fundi, umejitangaza wewe.
Na hayo mengine, bora, safi, nani ataandika mbovu?
Nyanya bora, mkaa bora, hata jeneza bora.
Mimi nataka mtu ashuke."

Ashuke. Nililala na neno hilo.
Asubuhi nikachora sahani, mvuke, mkono.
Watoto wa shule wakasema ni minyoo wanaoga.
Nikafuta kwa petroli.

Siku iliyofuata nilikaa juu ya ndoo yake mchana kutwa,
siuzi, sinunui, naangalia.
Anayenunua ni yule aliyeshikishwa.
Somoe akimtilia mtu mng'oko kiganjani,
hata kondakta mwenye haraka zake,
vidole vinaanza kumenya kabla kichwa hakijakubali.
Basi nikaandika ulichokuwa ukisema mkono wake:

SHIKA MMOJA.
UMENYE.
KISHA AMUA.

Bila jina langu. Liliniuma, sitadanganya.
Rangi ilikuwa imebaki kidogo, nikaiongeza mafuta ya taa.

Wakaanza kushuka. Si wote.
Mmoja aliupiga picha ubao akaondoka,
chumvi hakuiona.
Bibi mmoja wa Tandahimba alisema,
"Mimi niliamua kabla hujazaliwa,"
akabeba mafungu manne.

Halafu ikaja mvua isiyo na mwezi wake,
ikalamba mstari wa chini.
Mafuta ya taa hayana uaminifu:
AMUA ilishuka na maji ikaishia mtaroni.
Nikaenda na brashi, aibu usoni,
nikamkuta Somoe ana sinia jeupe saa nne asubuhi.

"Kisha nini?" walikuwa wakimuuliza,
vichwa nje ya madirisha.
Swali likimkaa mtu mdomoni
hawezi kufika nalo Masasi, lazima ashuke alitue.
"Kisha nini, mama?"
Naye kila mmoja alimpa la kwake:
kisha ongeza chumvi.
Kisha mpelekee mkeo, usile peke yako njiani kama mwizi.
Kisha kaa, jua lenyewe hili.

Nikafungua kopo, nikapiga magoti mbele ya ubao.
Akanishika mkono.
"Usiguse."
Brashi akaiweka chini,
na pale ilipokuwa, kiganjani,
akatia mng'oko wa mwisho, ule aliomfichia mtu mwingine.

Nilitaka kumweleza kuhusu sentensi,
kwamba haikai hivyo, inahitaji mwisho wake.
Rangi ilikuwa inakauka koponi.
Nami nilikuwa namenya.